Figo Iliyotolewa Bila Mjomba

Naima alikuwa na maneno makali, hilo hata mwenyewe hakulikana. Lakini ukali wake wa zamani ulikuwa wa kawaida, wa dada na kaka waliolelewa pamoja, leo wanatukanana kwa ajili ya ukoko wa sufuria, kesho wanacheka. Ukali uliomwingia baada ya kulala kwenye meza ya upasuaji Dar es Salaam, akatolewa figo moja akawekewa kaka yake Ashiru, ulikuwa mwingine kabisa. Huo ulikuwa ukali wa mwenye nyumba kwa mpangaji wake.

"Figo yangu haitaki chumvi hiyo." "Figo yangu imechoka, kalale." Siku ya arusi ya binamu yao, mbele ya wakwe wa Ashiru waliokuja na nguo zao za kutokea, Naima alimpokonya kaka yake sahani ya pilau akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Mimi sikupasuliwa ubavu ili wewe uje kushindana na mafuta." Watu wakacheka. Ashiru naye akacheka, maana angefanya nini? Ila tangu siku ile alianza kumjibu dada yake kwa neno moja moja, na Naima, ambaye hakuwa mjinga bali mwenye kiburi, aliyasikia majibu hayo mafupi akayaita ukosefu wa shukrani.

Ndivyo walivyokuwa Agosti ile Naima alipopanda kutoka Masasi kuja Makote, kijijini kwa Ashiru karibu na Newala, kujisomea. Alikuwa mwaka wa mwisho wa utabibu. Jumatatu angekaa mbele ya watahini wamuulize ana kwa ana, na somo lililokuwa likimtoa jasho ni dawa za kushusha kinga, zile zile alizokuwa akimeza kaka yake asubuhi na jioni ili mwili usiikatae figo. Kwenye jaribio Naima alikuwa ameboronga vibaya. Mwalimu Reginald akamwambia mbele ya darasa zima kwamba mtu aliyetoa figo hana kisingizio cha kutojua kinachoilinda huko ilikokwenda. Kauli ile ilimkata maini. Akaapa haaibiki tena.

Kwa kaka yake alifikia kugomba. Alimkuta Ashiru anarudi kutoka shambani kupulizia mikorosho salfa, ule unga wa kuzuia ukungu, pua na mdomo wazi, akamwambia kwamba mtu wa dawa hizi mapafu yake si ya kuchezewa. Ashiru akajibu, "Sawa." Kesho yake akaenda tena vile vile.

Naima alikuwa mtu wa kusoma kwa sauti. Asubuhi, Ziada, mke wa Ashiru, akifagia uwanja, wifi yake alikuwa akiizunguka nyumba kitabu mkononi, akijiuliza na kujijibu mwenyewe.

"Figo ngeni ikiingia mwilini, nani anaiona kwanza? Seli za ulinzi. Zikishaiona zinafanya nini? Zinapeleka taarifa, halafu zinazaliana, halafu jeshi zima linakuja kuila. Takrolimasi inafanya nini? Inakata taarifa isifike. Mikofenoleti? Inazinyima vifaa vya kujengea seli mpya, zisizaliane. Predinisoloni? Inatuliza vurugu nzima. Madhara?" Hapo alisimama akaanza kutaja kwa vidole. "Kinga inashuka. Mgonjwa anaweza kupata kifua kikuu, mkanda wa jeshi, fangasi za mdomoni, saratani."

"Rudia hilo la mwisho."

Aliyesema alikuwa mjomba wao Twahiru, kaka wa marehemu mama yao. Alikuwa amesimama kando ya nyumba na mashine ya kupulizia salfa mgongoni, kofia na nyusi zimejaa unga wa njano. Alikuja kumrudishia Ashiru mashine yake. Tangu mama yao Mwanasha afariki, neno la mwisho katika ukoo lilikuwa la mjomba Twahiru, na kwa Wamakonde hilo si jambo la kupambia mazungumzo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Rudia."

Naima akarudia, tena kwa madaha, kama vile watahini wenyewe ndio waliosimama pale. Mzee akaitua mashine chini taratibu. Ukitaka kujua kwa nini uso wake ulibadilika, kumbuka kwamba watu wa Newala wamefundishwa habari za kinga kwa miaka mingi, redioni, zahanati, kwenye mikutano ya kijiji. Walifundishwa wakaelewa: kinga ikishuka, ni ule ugonjwa. Kifua kikuu, mkanda wa jeshi, fangasi za mdomoni; Twahiru alikuwa amewazika watoto wa dada yake mwingine kwa hayo hayo, na yalifuatana vivyo hivyo. Leo mpwa wake aliyesomeshwa alikuwa anazunguka uwanja anayataja kwa vidole bila haya.

"Kwa hiyo," mzee alisema, "zile dawa za mtoto wa dada yangu zinampa UKIMWI."

"Hapana, mjomba. UKIMWI unaletwa na kirusi. Hapa kinga inashushwa kwa makusudi."

Heri neno hilo la makusudi asingelisema.

"Makusudi!" Twahiru alimgeukia Ziada, kama anamtaka awe shahidi. "Umesikia? Wenzao wanahangaika usiku na mchana kupandisha kinga za watu, hawa wanaishusha makusudi, halafu wanatuletea humu ndani kwenye kopo!"

Naima angeweza kuketi na mzee mkekani akayasema pole pole. Alikuwa na wakati, na mjomba hakuwa na haraka. Badala yake alicheka puani. "Mjomba, mambo haya ni ya kitabuni, huwezi kuyaelewa. Wewe mwache tu ameze."

Ashiru alikuwa ameketi kibarazani na bakuli lake la uji. Kijiko kilisimama.

"Nieleweshe," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Nimewaelewa wazungu wa pamba, nimewaelewa mabwana shamba, nimewaelewa hata wanasiasa. Wewe niliyekubeba mgongoni nitakushindwa?"

"Haya. Mwili una walinzi. Walinzi hao wanakijua kila cha mle ndani kwa sura. Wakikuta kisicho cha mwili ule wanakiua, hawaulizi kimekuja kwa wema au kwa ubaya. Figo yangu ni ngeni mle. Dawa zinawapumbaza walinzi kidogo ili waiache. Akiacha kumeza, walinzi wanaamka, wanaila mpaka inaisha. Umeelewa sasa?"

Alijiona amesema vizuri, na kweli alisema vizuri. Reginald mwenyewe asingekuwa na la kuongeza. Tabu ni kwamba mjomba Twahiru alielewa.

"Anhaa," mzee alisema. "Kwa hiyo mwili wake wenyewe haukutaki. Unakufukuza, na wewe unaulewesha ili uendelee kukaa."

Ashiru akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha kutoka tumboni, cha kwanza kusikika tangu Naima afike, na kilimuuma dada yake kuliko tusi lolote. Akafunga kitabu, akaenda kuoga.

Jioni, saa ya dawa, kopo halikuwa juu ya kabati. Ashiru alikuwa ameketi kwenye kiti chake anakunywa kikombe cha majani ya mlonge yaliyochemshwa.

"Dawa ziko wapi?"

"Hazipo."

"Hazipo zimekwenda wapi?"

"Mlonge unapandisha kinga," Ashiru alisema, akapuliza kikombe. "Yangu imeshushwa vya kutosha. Nimeona niipandishe."

Naima alipandwa na mori. Hakuwa na ugomvi na mlonge, ugomvi wake ulikuwa kabati tupu. Alimwambia Ashiru kwamba figo itaanza kuliwa sasa hivi, wakati yeye anapuliza kikombe. Kwamba ikishaliwa hairudi. Kwamba atarudi kwenye mashine ya kusafishia damu, na kulala sakafuni kwa jamaa Dar es Salaam, na kurudishwa nyumbani akiwa amevimba uso mpaka wanawe wamkimbie. "Na safari hii hakuna wa kukupa! Mimi nimebakiwa na moja. Unaitaka na hii?" Ashiru akapuliza tena kikombe. Ndipo Naima alipomgeukia Ziada. "Wifi, leo amekojoa vizuri?"

Ashiru akasimama, maji ya mlonge yakamwagika mkekani. "Sasa unamuuliza mke wangu habari za mkojo wangu."

"Namuuliza habari za figo yangu!"

Ziada alikuwa mwanamke mpole, hajawahi kumjibu Naima hata siku moja. Siku hiyo aliiweka sufuria chini kwa kishindo. "Wifi, tangu utie mguu humu mume wangu hajawa mwanamume nyumbani kwake. Kula unapanga wewe, kuamka unapanga wewe, hata ya chumbani ulitaka kutupangia. Mimi naogopa kubaki mjane, Mungu anajua ninavyoogopa. Lakini wewe nimekuchoka."

Naima alilala na hasira zake, na hasira zote alizielekeza kwa mtu mmoja: mjomba Twahiru. Nani mwingine angechukua kopo? Asubuhi Ashiru aliamka, akanywa uji, hakumeza kitu. Naima akasimamisha bodaboda barabarani akaenda Newala mjini kwa mjomba.

Alimkuta uani anamimina maji kwenye pipa kutoka madumu aliyoyapigania kisimani tangu alfajiri, hana hali nzuri.

"Mjomba, rudisha dawa."

"Umenikuta nimesimama, una macho, umenipita bila kuniamkia."

"Shikamoo. Rudisha dawa."

"Marahaba. Sikuzichukua." Twahiru akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni. Kopo lilikuwa humo. "Aliniletea mwenyewe, jana ulipokwenda kuoga. Nilikuwa sijafika hata barabarani, akanikimbilia. Akasema, mjomba, kitu hiki nimeazimwa, na mwenyewe ananidai kila siku iendayo kwa Mungu. Mwache akichukue. Ndivyo alivyosema, sijatia chumvi."

Naima akaketi juu ya dumu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumwambia mzee anayeogopa vidonge, na mengine yalikuwa mazuri sana. Sasa hakuna hata moja lililofaa. Ashiru hakuwa amedanganywa na mtu. Alielewa dawa zinafanya nini, alielewa akiacha kutatokea nini, na akaacha.

"Unajua mikorosho inavyotolewa kwetu," mzee alisema.

Naima alijua. Katika ukoo wao mtu akimpa ndugu yake mikorosho, humpeleka shambani mjomba akiwepo. Mtoaji hupiga shina kwa kiganja na kusema ni ya nani tangu sasa. Mpokeaji hupiga pale pale. Mjomba husema, nimeona. Tangu hapo mtoaji haruhusiwi kuuliza imezaa magunia mangapi, wala kama imepuliziwa salfa, wala hata kama imekatwa kuni. Ikitolewa bila mjomba, imeazimwa tu, na mwenyewe anaweza kuja kuokota korosho siku yoyote na asiitwe mwizi.

"Ninyi mlikwenda Dar es Salaam mkapasuliwa," Twahiru alisema, na sasa hasira aliyoinyamazia muda wote ule ilitoka. "Mimi nikaja kuambiwa sokoni na muuza dagaa. Muuza dagaa, Naima! Nikanyamaza, nikasema watoto wamepata shida. Lakini wewe hukutoa. Ulimwazima. Na unajua, ndiyo maana kila siku unakwenda kuokota."

"Mtu alikuwa anakufa, mjomba. Nikutafute wewe kwanza?"

"Simu ninayo."

Naima alimchukia mzee yule kwa moyo wake wote, kwa sababu alikuwa amemgusa penyewe. Hakutaka kuitoa kwa namna ile ya mikorosho. Alikuwa na kovu la ubavuni, alikuwa na figo moja, alikuwa amerudishwa nyuma chuoni na wenzake wakamaliza, na katika yote hayo alichopata ni ruhusa ya kusema figo yangu. Akiitoa na hiyo atabaki na nini? Atakuwa mtu aliyekatwa tu. Na kulikuwa na jambo lingine lililomwogopesha zaidi: ikiwa si yake, Ashiru ataweza kuiharibu, na yeye hatakuwa na haki ya kupiga kelele.

"Nipe kopo, nitammezesha mwenyewe."

"Atakwenda kutapika chooni ukimpa kisogo. Mtu mzima hamezeshwi." Mzee akafunika pipa. "Twende tukamalize, au nenda zako Masasi ukafanye mtihani."

Naima alizifikiria zile seli. Hazisubiri vikao vya ukoo, wala hazijui mjomba ni nani. Dozi ya jioni ilikuwa imepita, ya asubuhi ilikuwa inapita. Akanyanyuka.

Walipanda bodaboda moja, mzee katikati na mfuko mapajani, mpaka Makote.

Ashiru alikuwa uwanjani anafungua mashine ya salfa. Aliwaona, akafuta mikono kwenye suruali. "Mmekuja wawili kunishika?"

"Simama hapa," Twahiru alisema. "Fungua shati."

Ashiru alimtazama mjomba wake, akamtazama dada yake, akaelewa. Akafungua vifungo. Kovu lake lilikuwa chini ya kitovu upande wa kulia, na pale figo ilipokaa tumbo lilikuwa limeinuka kidogo. Naima alikuwa ameliona kovu lile mara nyingi, na kila mara alikuwa akilikagua. Ziada alitoka jikoni akasimama mlangoni.

"Sema, halafu piga," mjomba alisema.

"Hii figo niliitoa mimi, tena kwa hiari yangu, na..."

"Hatujaulizia habari zake. Ni ya nani?"

Ashiru alikuwa anamtazama bila kupepesa, na machoni mwake hapakuwa na huruma wala shukrani. Palikuwa na mtu aliyechoka, anayesubiri kuona kama dada yake ataweza. Na dada yake hakuwa na hakika. Alitaka kulia, akaona haya kulia mbele ya watu aliogombana nao wote.

"Yako," akasema. "Ni yako, mshenzi wewe. Iue ukitaka."

Akainua kiganja kwa nguvu zote za hasira yake. Lakini mkono ulipokaribia ulipunguza mwendo wenyewe, maana figo iliyopandikizwa haipigwi, ukagusa tu, ukatua pale. Palikuwa na joto. Ukakaa kuliko ilivyotakiwa. Ashiru akausukuma kando, akaweka mkono wake.

"Nimeona," akasema Twahiru.

Mzee alitoa kopo kwenye mfuko akampa Ashiru. Naima alikuwa ameshakimbilia mtungini, amerudi na kikombe cha maji, amekinyoosha. Ashiru alimpita, akaenda mpaka mlangoni, akamwambia mkewe, "Nipe maji." Ziada akampa. Akamwaga dawa zake kiganjani. Akameza ile ya kukata taarifa. Akameza ile ya kuzuia seli zisizaliane. Kikabaki kidonge kidogo cheupe, predinisoloni. Alikitazama, akafumba mkono, akainua macho kumtazama Naima.

Kitabu kizima kilimjia mdomoni. Kwamba hicho hakiachwi ghafla. Kwamba mwili uliokizoea umesahau kujitengenezea cha kwake, kwamba mtu anaweza kuanguka. Angeyasema hayo Jumatatu bila kukosea hata neno. Mjomba Twahiru alikuwa anamtazama, Ziada alikuwa anamtazama, na mkono wa Ashiru ulikuwa umefumbwa.

"Una swali?" Ashiru aliuliza.

"Sina."

Akaingia ndani, akachukua begi na kitabu chake. Alipotoka, Ashiru alikuwa amempa mgongo, anafunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Ule mwingine bado ulikuwa ngumi. Naima akaaga. Ziada peke yake ndiye aliyeitikia. Akaenda barabarani kusubiri gari la Masasi.